Milisekunde Mia na Tisini

Nyota ilikuwa imetoweka, na mimi nilikuwa nimeukalia mkono wangu.

Nimeukalia kweli, sisemi kwa mafumbo. Kiganja cha kulia kilikuwa chini ya paja, kimegandamizwa kwenye mbao ya kiti, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisiguse kitu na najijua nilivyo. Mbele yangu ubao wa taa mia tano ulikuwa umetulia. Taa ya katikati, iliyokuwa na nyota, ilikuwa imezimika kama zile nyingine. Mbalamwezi ilikuwa imeingia dirishani ikajaa chumba kizima, ikalala juu ya daftari, juu ya kikombe, juu ya viatu nilivyokuwa nimevivua, na kila kitu kilikuwa kama kinaota. Nikahesabu polepole. Bibi Kivuli alikuwa amesema sekunde saba. Nilipofika tano niliacha kuhesabu, nikawa natazama tu, mtu mzima mwenye miaka thelathini na minne, nangoja nyota irudi kama mtoto anayengoja mama yake atoke sokoni.

Mpaka leo sijui mkono ulitoka saa ngapi chini ya paja.

Nyota ikarudi. Taa ikaruka. Mkono ukabonyeza kitufe chekundu, na macho yote mia tano ya darubini yakafumba.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana asiyeijua kazi yetu atauliza: kubonyeza kitufe kuna dhambi gani?

Kwa miaka kumi na mmoja kazi yangu ilikuwa kuzima nyota. Watu wakisikia darubini hufikiria bomba refu na mzee aliyefumba jicho moja. Yetu ilikuwa sahani kubwa kuliko nyumba ya ghorofa, imepangwa vioo mia tatu na hamsini, na mbele yake, juu ya mikono minne ya chuma, kisanduku chenye macho mia tano ya kioo. Ilijengwa kuwinda miale ya gamma. Miale hiyo hutoka mbali sana, na ikiigonga hewa ya juu, hewa hutoa mmweko wa bluu mfupi kiasi kwamba ukianza kusema "ule pale" umeshapita zamani. Mimweko hiyo ndiyo ilikuwa riziki yetu. Nyota kwetu zilikuwa kero tu. Nyota angavu ikiingia kwenye jicho moja, umeme wa jicho hilo hupanda, na likiachwa hivyo linaungua. Kwa hiyo lazima mtu akae mbele ya ubao, taa ikiruka abonyeze, jicho lifumbe, nyota ipite zake. Nilizizima nyota nyingi kuliko nilizowahi kuzitazama.

Aliyenifundisha ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, fundi umeme wa kituo. Alikuwa mtu wa daftari. Hata akibadilisha balbu ya chooni ataandika saa, ataandika balbu gani, na atasaini. Dada alikuwa akisema huyu siku ya kufa kwake atafufuka kidogo ili asaini. Mkono wangu aliupima kwa rula. Kila jioni kabla ya kazi alishika rula ikaning'inia kati ya vidole vyangu viwili, kisha akaiachia bila kusema neno. Nikiidaka alisoma nilipodakia, akapiga hesabu kichwani, akanitajia muda wangu kwa milisekunde, yaani vipande vya sekunde iliyokatwa mara elfu.

"Mia mbili na arobaini, shemeji. Nyota imeshakula jicho, sasa inaagiza soda."

Mwaka wa kwanza nilikuwa mia mbili na arobaini. Mwaka wa pili nikafika mia na tisini, na hapo nikakaa, sikupanda wala sikushuka, kama mtu alivyo na urefu wake.

Nyuma ya ubao, ukipinda mkono, kulikuwa na swichi ya mlinzi. Mlinzi ilikuwa saketi ya akiba. Umeme ukizidi mno na mtu amesinzia, ndiye anayekata. Lakini alikuwa hana simile: akishtuka anafumba macho yote kwa mpigo, na kuyaamsha tena ni nusu saa. Ndiyo maana tulikuwa tunamwahi kwa mikono yetu. Kitufe chekundu, cha hatari kubwa, kilifanya vilevile, kikafumba yote. Na kwa vyote viwili ubao uliandika neno moja tu, IMEKATWA. Haukuandika nani.

Bibi Kivuli alikuja kutuomba makombo. Usiku wenye mwezi mimweko ya bluu haionekani, kwa hiyo kila mwezi ukijaa, sahani ililala na sisi tukapiga soga. Yeye alikuwa mtaalamu wa nyota zenyewe, mwanamke wa miaka sitini hivi, mfupi, sauti ya chini, anavaa sweta mbili hata mchana. Alimwambia mkurugenzi, "Sahani yenu haioni vizuri. Lakini inaona haraka kuliko chochote nilichowahi kukitumia." Mkurugenzi hakujua kama ametukanwa au amesifiwa, akampa mbalamwezi yote aliyotaka.

Alichokuwa anakitafuta ni kivuli. Kuna mawe makubwa yanayoelea huko angani, na mara mojamoja jiwe hupita mbele ya nyota. Kivuli chake kinapita juu ya dunia, nyota inazimika, nyota inarudi. Ukitazama kwa macho unaona imezimika, imewaka, basi. Lakini ukiupima mwanga wake mara elfu mbili kwa sekunde, alisema, utaona haizimiki kwa mkupuo. Mwanga unatetemeka ukingoni mwa kivuli, unapanda na kushuka kama maji ya beseni yanapogusa ukingo, na mtetemeko huo ndio unaokuambia nyota ina upana gani. Kitu ambacho maisha yako yote umekiona kama nukta, unakipima kama unavyopima kitambaa. Alitueleza hayo jikoni, akitumia kiganja chake na taa ya dari, na kivuli cha vidole vyake kikawa kinatupita usoni mmoja mmoja. Shemeji aliacha chai yake ikapoa.

Alikuwa amefukuza vivuli kumi na vitatu katika miaka tisa. Mara nane yalikuwa mawingu. Mara tatu kivuli kilipita kando, akakikosa kwa mwendo wa nusu saa tu. Mara moja gari lilimfia njiani, na mara moja alikuwa kwenye mazishi ya mama yake. Cha kumi na nne kingepita juu ya kilima chetu chenyewe, saa mbili na robo usiku, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi huo.

Mchana wa siku hiyo Shemeji alimzima mlinzi, kwa sababu nyota ile ilikuwa angavu na ikirudi ghafla mlinzi angeshtuka. Nilimwona kwa macho yangu mawili. Alipinda mkono nyuma ya ubao, swichi ikalia tak, akachukua daftari, akaandika saa, akasaini.

"Leo mlinzi ni wewe," akaniambia. "Gari likimulika taa huku juu, au mwezi ukiingia sahanini, bonyeza chekundu. Zaidi ya hapo, mikono mapajani."

Nikamwambia nitaukalia kabisa. Akacheka, akachukua tochi, akaenda kukaa chini ya sahani kusikiliza mota.

Sasa nimefika pale ambapo sipendi kufika.

Baada ya kubonyeza nilikuwa na sekunde kumi, labda kumi na tano. Bibi Kivuli alikuwa chumba cha pili, penye mashine ya kunasa mwanga, na nikakisikia kiti chake kikisogea. Nilielewa yote mara moja. Mama huyu amengoja miaka tisa, ameupata ukingo wa kuzimika, na ukingo wa kurudi nimemfumbia mimi. Nilimwona akinitazama kabla hajafungua mlango. Niliogopa, tena niliogopa kitoto. Mkono ukaenda nyuma ya ubao, ukapinda, na swichi ikalia tak.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa mazoea, na mazoea yana taabu, kila mtu anajua. Mkono wa pili ulikuwa wangu mimi mwenyewe, na akili zangu timamu.

"Mlinzi amekata," nikasema mlango ulipofunguka.

Shemeji alipanda ngazi mbio, tochi bado inawaka mkononi. "Haiwezekani. Nilimzima." Akapinda mkono, akapapasa swichi. Akachukua daftari, akaitazama saini yake. Akarudi kwenye swichi. Alifanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu aliiacha tochi ikiwaka juu ya daftari, akasimama katikati ya ile mbalamwezi, mikono inaning'inia. Bibi Kivuli alikuwa ameketi. Alivua sweta moja, akaikunja vizuri sana mapajani. "Tumepata nusu," alisema. "Si haba."

"Basi nimesahau," akasema Shemeji.

Ili uujue uzito wa neno hilo lazima umjue mama yake. Alianza kusahau akiwa na miaka hamsini na sita. Alianza na sufuria jikoni, akaja kwenye njia ya nyumbani, akamalizia kwa kumuuliza yeye, kitinda mimba wake, "Wewe kijana ni mtoto wa nani?" Shemeji alikuwa anatimiza hamsini na sita mwaka ule. Hakuwahi kulisema, lakini nyumbani kwao kila mtu alijua kwamba anahesabu. Mimi pia nilijua. Nilijua palepale alipotamka lile neno, nikamtazama usoni, nikanyamaza.

Nikajiambia nitasema kesho. Kesho ina tabia ya kusogea.

Siku ya tisa aliandika barua ya kuacha kazi. Aliandika kwamba mtu asiyejua alichokifanya mchana hafai kushika umeme wa watu. Mkurugenzi alimbembeleza kidogo, kisha akaikubali. Nilimsindikiza mpaka getini nikiwa nimembebea sanduku lake la vifaa, na uzito wake ninao begani hata sasa. Pale getini alinisimamisha.

"Shemeji, wewe ndiye unayenijua. Siku ukiniona nakuuliza jambo moja mara mbili, usinifiche. Niambie."

Nikasema, "Sawa, shemeji."

Dada alianza kupiga simu. Mwenzio amebadilika, aliniambia. Anaamka kuangalia kama amefunga gesi, anarudi kulala, anaamka tena. Anauliza kama ameshakula. "Na hajasahau kitu, mdogo wangu. Anakumbuka mpaka rangi ya gauni nililovaa siku tuliyokutana. Ila hajiamini. Ukimwambia amefunga, anadhani unamwonea huruma." Nikamwambia ampe muda. Nikakata simu nikachukua kitambaa, nikaenda kufuta vioo ambavyo havikuwa na vumbi.

Usingizi wangu wa siku zile ulikuwa wa ajabu. Niliota nyota inarudi, kila mara, lakini inarudi taratibu sana, taa inakolea kidogo kidogo kama mtu anayefungua macho asubuhi, na mimi nina muda wote wa dunia. Nakunja mkono, naunyoosha, nachagua nisibonyeze. Chumba chote kinajaa mwanga mweupe na Shemeji anacheka mahali fulani chini ya sahani. Nilikuwa naamka nikiwa na furaha kamili, furaha ya kweli, na ilinichukua muda kukumbuka. Hapo ndipo nilipokuwa nalia.

Siku ya ishirini na tatu, Ijumaa, Bibi Kivuli aliniita. Kompyuta zetu hazikuweza kuifungua kazi ya usiku ule, kwa hiyo diski ilikuwa imepelekwa makao makuu, ikakaa kwenye foleni. Sasa ilikuwa imerudi, na yeye alikuwa ameubandika mchoro ukutani, mrefu kama pazia lililolazwa.

Mstari ulianza sawa. Ukatetemeka, ukaanguka. Ukatambaa chini sekunde zote saba. Kisha ukapanda, ukatetemeka tena, mawimbi manne, matano, kila moja dogo kuliko mwenzake, mpaka ukatulia. Ukingo wa pili ulikuwemo.

"Mzima!" alisema Bibi Kivuli, na sauti yake haikuwa ya chini tena. "Ulikuwa umeshapita kabla hatujafumbwa macho. Mzima, mwanangu, tazama!" Akacheka peke yake kama msichana. Mimi nikalia, naye akanipiga mgongoni akidhani ni furaha. Na furaha ilikuwemo, siwezi kusema haikuwemo.

Kisha akaweka kidole upande wa kulia kabisa. Baada ya mawimbi kutulia mstari ulikwenda sawa kwa kitambo, halafu ukakatika wima hadi chini.

"Na hapa?"

"Hapa umeme umekatwa."

"Toka nyota ilipoanza kurudi mpaka hapa ni milisekunde mia na tisini. Nimepima mara nne." Aliugeukia mlango, akahakikisha umefungwa. "Mlinzi wenu hukata kwa ngapi?"

Kwa mbili. Mimi nilijua na yeye alijua, maana aliuliza akitazama dirishani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sikujua kwamba kuna chombo cha kuipima.

"Mimi nyota yangu nimeipata," alisema, "sina ugomvi na mtu. Lakini Jumatatu mchoro huu unakwenda kwa mkurugenzi, na yeye pia anajua kuhesabu." Akaubandua ukutani taratibu, akaukunja, akanipa. "Chukua. Ninayo nakala."

Asubuhi ya Jumamosi niliteremka mjini nyumbani kwa dada. Nilipofunguliwa mlango niliona karatasi imebandikwa kwa ndani: UFUNGUO MFUKO WA KULIA. Juu ya jiko: FUNGA GESI. HAKIKISHA. Nyingine kwenye bomba, nyingine kwenye redio, nyingine kwenye kichupa cha dawa ya macho. Zote kwa mwandiko wake ulionyooka na, Mungu anisamehe, zote zilikuwa na saa na saini.

Yeye alikuwa mezani, amenyoa vizuri, amevaa shati la kazini. Sikuweza kuanza, nikauacha mchoro uanze. Nikautandaza mbele yake.

Alivaa miwani. Aliusoma kutoka kushoto kama anavyosoma ramani ya saketi, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza. Alipofika kwenye mawimbi ya pili alinyanyuka nusu kitini. "Umo! Ukingo wa pili umo!"

"Umo, shemeji."

Kidole kikaendelea. Kikafika kwenye mkato. Pale Bibi Kivuli alikuwa ameandika namba kwa penseli, na Shemeji akaisoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti. "Mia na tisini." Hakunitazama mimi. Aliutazama mkono wangu wa kulia uliokuwa juu ya meza, muda mrefu, kama mtu anayeitambua sura njiani. Namba ile aliifahamu kuliko alivyofahamu tarehe yangu ya kuzaliwa.

"Na swichi?"

"Niliirudisha mimi."

"Uliniona nikiizima?"

"Nilikuona."

Dada alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na birika mkononi. Nikasema nisameheni, nikasema niliogopa, nikasema na yale mengine ambayo mtu husema. Shemeji alivua miwani akaiweka juu ya mchoro.

"Mkono nausamehe sasa hivi," alisema. "Huo niliufundisha mimi. Swichi, shemeji... swichi sijui nitaifanyaje."

Halafu akainama juu ya meza, mabega yakaanza kutikisika. Nikajua analia kwa hasira, na nilistahili. Mpaka nikasikia anachokisema, taratibu, akikirudia rudia. "Sikusahau. Mama watoto, umesikia? Sikusahau. Sikusahau mimi."

Dada aliweka birika sakafuni, akaenda akamkumbatia kichwa. Mimi nikatoka. Nikiwa ngazini niliwasikia wanabandua karatasi, moja baada ya nyingine, na yeye anazisoma kila moja kwa sauti kabla ya kuichana, na dada anacheka huku analia. Hakuna aliyeniita nirudi. Dada alikaa miezi minne bila kupokea simu yangu.

Jumatatu nilimweleza mkurugenzi mwenyewe, kabla ya mchoro. Niliondolewa kwenye ubao, nikapewa vioo. Vioo mia tatu na hamsini, kitambaa na maji, mwaka mzima, na ukimaliza cha mwisho cha kwanza kimeshashika vumbi. Kuna asubuhi nilikuwa juu ya ngazi nikiona kilima kizima ndani ya vioo, kimepinduka, mawingu yako chini na njia ya magari iko juu, na mtu mdogo kwa mbali anatembea kichwa chini miguu juu akiwa na sanduku la vifaa. Shemeji alirudi kazini wiki ileile. Tukizungumza tulizungumza umeme. Bibi Kivuli aliondoka na nyota yake, na miezi kadhaa baadaye ilichapishwa, upana wake na jina la kilima chetu, na mchoro katikati ya ukurasa. Niliutafuta mkono wangu upande wa kulia. Haukuwepo. Alikuwa ameukata mchoro mahali mawimbi yanapotulia.

Ilipita karibu miaka miwili. Asubuhi moja nilikuwa nasuuza ndoo, nikaona rula imening'inia mbele ya uso wangu. Nikafuta vidole kwenye nguo, nikavitega. Akaiachia.

"Mia mbili na kumi," alisema. "Umezeeka."

Nilidhani hapo ndipo palipokuwa mwisho. Mwaka baada ya mwaka niliamini hivyo. Alistaafu na akili yake yote, akanishinda katika kila mchezo wa karata, akawa anawasahihisha wajukuu hesabu akiwa amefumba macho.

Ugonjwa wa mama yake ulikuja, lakini ulimkuta akiwa na miaka sabini na minne. Sasa ana sabini na sita. Yameondoka majina ya vifaa, imeondoka njia ya dukani, ameondoka Bibi Kivuli na ile asubuhi ya mchoro mezani. Lakini usiku ule haukuondoka. Unamjia kila mara, mzima, na ndani yake bado amesimama katikati ya mbalamwezi, mikono inaning'inia. Daktari alijaribu kunieleza ni kwa nini hofu inabaki na faraja inakwenda, nikaitikia kwa kichwa, lakini sikuhitaji kuelezwa. Hofu alikaa nayo siku ishirini na tatu. Faraja nilimpa asubuhi moja.

Kwa hiyo kila Jumamosi nateremka kwao. Namkuta ameketi karibu na dirisha, ananitambua, namshukuru Mungu kwa hilo. Tunasalimiana, tunataniana kidogo. Kisha ananisogelea, anashusha sauti ili dada asisikie.

"Shemeji, ile swichi. Ni mimi niliyesahau?"

Dada aliwahi kunishauri nifupishe, nimwambie hapana hukusahau, inatosha. Nikajaribu wiki moja. Akanitazama akaniuliza, "Sasa nani?" Tangu siku hiyo namwambia yote. Namwambia nilikuona ukiizima. Namwambia nyota ilirudi na mkono wangu ukabonyeza, kisha nikapinda mkono nyuma ya ubao nikairudisha swichi, nikakuacha uamini ni wewe. Nayasema kwa mpangilio uleule, na kila mara midomo inanikauka palepale, kwenye swichi. Kwake ni habari mpya kila wiki. Kuna Jumamosi anacheka mpaka anakohoa. Kuna Jumamosi anashika mkono wangu, anakaa nao tu.

Jumamosi iliyopita alikasirika. Alisimama kwa fimbo yake, uso umebadilika, akaniambia nimemfanya mwendawazimu ndani ya nyumba yake mwenyewe, akaniambia nitoke. Dada akataka kuingilia, nikamwashiria aache. Nikatoka nikakaa ngazini. Nilikaa pale kama nusu saa, jua likinipiga magotini, na ndani nilimsikia akitembea huku na huku, fimbo ikigonga, kisha nikamsikia ametulia.

Mlango ukafunguka nyuma yangu.

"Shemeji!" alisema, amefurahi kweli kweli. "Umefika saa ngapi? Mbona unakaa nje kama mgeni? Ingia ndani bwana, hilo jua litakumaliza."

Nikainuka, nikajipangusa vumbi, nikaingia.